Kitanda Kilichotembea

Moshi wa nyasi zilizochomwa ulikuwa umeukalia mji wa Kamina tangu asubuhi, mwembamba, wa rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, na kila kilichokuwa mbali kidogo kilionekana kama hakijaamua kuwepo. Inspekta Élisa Mwepu alipita ndani yake akiwa nyuma ya dereva wa pikipiki ya kukodi, akielekea Base, kambi ya jeshi nje ya mji, akiwaza damu. Tangu apewe kesi hii hakuwa na wazo lingine. Watu walimwamkia njiani, naye badala ya kuitikia alijikuta akiwatazama mishipa ya shingo. Kwa mwanamke aliyelelewa vizuri, hiyo ilikuwa aibu.

Kwenye kasho, mahabusu ya polisi, alikuwa amemwacha muuguzi Talitha Mujinga. Kila adhuhuri mama mzazi wa Talitha alikuja na mjukuu wake mchanga, akampitisha kwenye upenyo wa mlango wa chuma ili anyonye, kisha akaondoka naye akilia. Na hapakuwa na polisi hata mmoja aliyejua atazame wapi. Kesho Talitha angekabidhiwa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, na kutoka huko angepelekwa gerezani. Parke ikishampokea mtu, kumtoa ni kazi ya kuchosha majaji na mawakili, na mtoto mchanga hawezi kungoja majaji. Shitaka lenyewe lilikuwa zito: kwamba alimwua mgonjwa wake, Lumbu, fundi wa reli, kwa kumpa mtu mwingine dawa iliyokuwa yake.

Habari ya damu alielezwa na Dokta Mbuyu, mkuu wa banda la wagonjwa wa korona, na ilibidi amweleze mara mbili.

"Bantu banawazaka asema ile virusi inauaka mapafu tu," daktari alisema. "Hapana, Mama Inspekta. Ikimukamata muntu nguvu, damu yake inaanza kushikamana mu mishipa, mabonge kidogo kidogo. Mwili unajaribu kuyabomoa. Bipande bya kubomoka binabakia mu damu, na siye tunabihesabu ku mashine. Njo ile tunaita D-dimère."

"Na bikiwa mingi?"

"Bikiwa mingi, mugonjwa iko mubaya, ata kama anacheka. Tunamupiga sindano ya héparine, ya kuregeza damu. Bikiwa kidogo, tunamuangaria tu."

Hayo Élisa aliyaelewa. Kilichomshinda ni kilichofuata. Asubuhi moja Talitha aliwatoa damu wagonjwa wote wa banda, akaitia kwenye vichupa vyenye vifuniko vya bluu, akavipeleka maabara. Majibu yalisema damu ya kitanda namba saba ni shwari, na ya kitanda namba nne inatisha, hata mashine ikaombwa ipime tena. Mgonjwa wa namba nne akaanza kupigwa sindano. Alikuwa askari wa Base, koplo Noé. Naye akapona upesi, tumbo jeusi kwa alama za sindano, akiomba bukari, ugali wa kwao, na samaki. Lumbu, aliyekuwa namba saba, yule ambaye damu yake ilisemekana ni shwari, mguu wake ulivimba, pumzi ikamkatika ghafla, akafa na bonge la damu katika mapafu.

Aliyeandikiwa kufa alipona na aliyeandikiwa kupona alikufa. Yeyote mwenye akili timamu angesema vichupa vilibadilishwa, na vichupa havikushikwa na mtu mwingine ila Talitha. Na Talitha alizaliwa wapi? Base, binti wa sajini mstaafu. Kalala, kaka wa marehemu, aliyasema hayo mbele ya kadamnasi: huyu mwanamke aliona damu ya ndugu yetu inahitaji dawa, akaipa dawa hiyo mtu wa kambi yao. Yote yalilingana vizuri mno, na jambo hilo lilimkera Élisa. Katika kazi yake alikuwa ameona kesi nyingi za kweli, na karibu zote zilikuwa na kona iliyokataa kukaa sawa.

Alimkuta Noé ameketi nje ya nyumba yake, kwenye kiti cha plastiki, akitazama mwisho wa kiwanja cha ndege ulivyopotelea motoni mwa jua na moshi. Alikuwa na macho ya mtu aliyerudi kutoka safari na mizigo yake haijafika. Mkewe Abigaïl, mjamzito wa kuonekana, alimletea mgeni kiti.

"Tata Noé, Talitha iko nani kwako?" Élisa aliuliza.

"Talitha nani?"

"Infirmière, ule muuguzi. Mutoto ya ule sajini muzee."

"Mama, mule bote balikuwa na kanzu nyeupe, maski, na miwani ya plastiki. Ata mama yangu mwenyewe angeingia singemujua."

"Hakuna muntu alikuambia asema atakusaidia juu ya kutoka bote ku Base?"

"Kusaidia nini? Minyi sikujua ata niko wapi." Akafunua shati, akaonyesha madoa yaliyoanza kugeuka manjano tumboni. "Banakuya, banadunga, banaenda. Nilikuwa mbali."

"Mbali wapi?"

Abigaïl akacheka, akajifunika mdomo. "Sasa umemufungula. Kila mugeni anaelezewa ile ndoto."

"Haina ndoto," Noé alisema kwa upole.

"Nielezee na minyi," alisema Élisa. Hakuwa na tegemeo lolote. Alikuwa amechoka tu, na sauti ya yule mtu ilikuwa ya kupumzisha.

Noé akafumba macho. "Kwanza nilikuwa naona mavago. Mavago ya reli, nyekundu, inapita polepole, haiishe. Nikafurahi, nikasema bananirudisha kwetu. Kisha kitanda ikaanza kutembea."

"Kutembea?"

"Inaelea. Nikasema hii ni mutumbwi, niko ku Lualaba. Bamama babili banaendesha, mumoja mbele, mumoja nyuma, na bananiomba pardon. 'Tata, utusamehe. Tata, utusamehe.' Sauti ya chini, sawa banaimba. Kisha mavago ikapotea kabisa. Nikafika kwa bandege. Bandege ya bluu, mingi sana, na yote inapumua. Inaingia, inatoka, sawa kifua ya muntu. Nikasema bon, nimekufwa, mbinguni njo hapa, haina mubaya."

Alipofumbua macho yalikuwa na machozi, wala hakuyaonea haya. Abigaïl alikuwa ameacha kucheka.

"Na weye, mama," Élisa alimgeukia, "hukuona bandege?"

"Minyi balinikataza kuingia, juu ya hii mimba. Hakuwa na muntu mule. Njo kintu inaniumiza mpaka leo."

Élisa aliaga. Njiani akamwambia dereva apunguze mwendo, kisha akamwambia aongeze, kisha akamwambia apunguze tena, hadi dereva akauliza kama mama anaumwa.

Banda la wagonjwa lilikuwa karibu tupu sasa. Wimbi la ugonjwa lilikuwa limepita, na lilichoacha ni harufu ya klorini, magodoro yaliyoegemezwa ukutani na wagonjwa wachache wazee waliolala wakisikiliza jinsi wanavyopumua wenyewe. Ilikuwa saa ile ya alasiri ambayo hata wauguzi hutembea kama wanaogopa kuiamsha. Namba za vitanda zilikuwa zimepakwa rangi ukutani, juu ya kila kitanda.

"Nitalala kidogo, Docta," alisema Élisa.

"Unasema?"

Alikwisha kuvua viatu. Akapanda kitanda namba saba, akanyoosha miguu, akageuza kichwa upande wa dirisha. Ng'ambo ya ukuta, stesheni ilikuwa chini kidogo, na kwenye njia ya pembeni mavago mekundu yalikuwa yakisogezwa na kichwa cha treni kisichoonekana. Yalipita polepole ndani ya moshi, moja baada ya jingine, na kwa kitambo Élisa alisahau kwamba yuko kazini. Alikuwa mtoto wa reli. Baba yake alikuwa akimlaza kwa kumtajia mizigo ya mavago. Aliyaacha yapite.

Kisha akainuka, akavuka banda peku, akalala kitanda namba nne. Kutoka pale hakuna dirisha lililoonekana. Kulikuwa na pazia, kitenge kirefu kilichotundikwa kwenye kamba kutenga upande wa wanaume na wa wanawake. Kilikuwa cheupe, kimejaa ndege wa bluu. Upepo ulikivuta ndani, ukakisukuma nje, ukakivuta tena.

Dokta Mbuyu alikuwa amesimama katikati, akijaribu kuonyesha sura ya mtu aliyezoea kuona polisi wakilala.

"Docta," alisema Élisa akiwa bado chali, "pa kichupa ya damu munaandikaka nini?"

"Namba ya kitanda."

"Haina jina?"

"Mama, mu hii mji ukiita Ngoy, nusu ya banda inaitika. Jina inachanganya. Namba iko ku mur, ku ukuta, haitoke."

"Namba haitoke," Élisa alikubali. "Muntu njo anatoka. Koplo Noé alilala pa namba saba. Aliona mavago. Kisha aliletwa hapa, akaona ile rido ya bandege. Haikuwa ndoto. Balimubeba."

Daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani, taratibu, kama mtu mzee.

Élisa aliinuka na kulifuata wazo lake kwa sauti, kidole kikienda ukutani kutoka namba hadi namba. Asubuhi, Talitha anachukua damu. Lumbu yuko namba nne, Noé yuko namba saba. Vichupa vinaandikwa sawasawa. Mchana, watu wanabadilishana vitanda. Majibu yanarudi: namba nne iko hatarini. Wauguzi waliofunikwa hadi machoni wanakwenda namba nne, na aliyeko pale, chini ya maski yake, ni Noé. Wanampiga sindano za Lumbu. Lumbu yuko dirishani, anaangaliwa tu.

"Talitha hakuiba kintu," alisema.

"Hakuuliza jina tena," daktari alisema, uso mikononi. "Wala minyi. Kosa iko ya siye bote. Lakini nani alibahamisha? Na juu ya nini?"

Hilo ndilo Élisa hakulijua. Dirisha lilikuwa zuri zaidi, sawa. Lakini Lumbu asubuhi hiyo alikuwa akitembea mwenyewe, akitania watu, na hakulalamika hewa. Mtu haombi kuhama kwa sababu ya mahali anakokwenda tu. Akalitazama pazia likivuta pumzi.

"Siku ile, nani alikuwa huku nyuma ya rido?"

"Bamama. Kulikuwa ..." Daktari akakumbuka. "Mama mumoja balimutoa ku Mulongo, alifika muchana, homa inamusemesha. Mama Valérie. Tulimuweka hapa karibu. Alipona."

"Nani alimuleta?"

"Mutoto yake. Muke ya ..." Yeye mwenyewe alikuwa Muluba, na Élisa aliona damu ikimpanda usoni mtu huyu aliyezoea kuzisoma za wengine. "Sephora. Muke ya Lumbu."

Mkwe, au buko kama wasemavyo Waluba, mtu hali naye, hakai naye, hamtazami usoni. Élisa alimkumbuka baba yake, mtu mzima mwenye kofia ya reli, akiruka mtaro na kuingia shamba la watu kwa sababu bibi mzaa mama alikuwa anakuja kwa njia hiyo hiyo. Na humu ndani walimlaza mama mkwe amevuliwa nguo kwa homa, na mkwewe wa kiume pembeni, kati yao kitenge kinachopepea.

Nyumba ya Lumbu ilikuwa katika mtaa wa wafanyakazi wa reli, matofali mekundu, mlango ukitazama njia. Kalala hakuwepo, alikuwa amekwenda parke kuhakikisha mambo ya kesho hayakwami. Élisa alishukuru. Sephora alikuwa uani juu ya mkeka, kitambaa cheusi kichwani, akichambua sombe, yaani kisamvu, jani moja moja.

"Mama Sephora, pole."

"Aksanti, mama. Bamemuhukumu?"

"Bado. Nilikuya juu ya kitanda."

Mikono ikasimama kwenye majani. "Kitanda gani?"

"Bwana yako aliingilia namba ine. Alikufwa pa namba saba."

Sephora alitupa jicho kwenye mlango wa chumba cha nyuma, uliorudishwa bila kufungwa, akashusha sauti. "Ile haina mambo ya polisi, mama. Ile iko mambo ya nyumba."

"Niambie tu."

"Balimulalisha mama yangu pale karibu. Homa inamusemesha, anatupa binguo. Na rido inapepea. Bwana yangu akageuka ku mur, akakataa kula. Akaniambia, 'Sephora, minyi siwezi kulala hapa. Mama yako akipata akili, akiona niko hapa, haya itamumaliza.' Ule askari hakuwa na muntu. Minyi na mudogo yangu Laetitia tulimubeba na godoro yake, tukamuomba pardon. Bwana yangu alitembea na miguu yake mwenyewe."

"Hamukuambia infirmière?"

"Tumuambie nini? Asema muntu alilala na buko yake mu nyumba moja? Weye ungesema?"

Élisa alijua kwamba naye asingesema. Akaandika maelezo yote, polepole, kwa hati safi. Sasa alikuwa na alichokitaka. Angeweza kufunga karatasi, kuaga, na kumwacha mwanamke huyu na sombe yake. Lakini maelezo hayo kesho yangesomwa mbele ya Kalala, na ingekuwa ukatili Sephora ayasikie maana yake kutoka kinywani mwa mtu aliyekasirika. Basi akamweleza: damu, vichupa, namba za ukutani. Alimweleza kwa maneno machache kadiri alivyoweza.

Sephora alisikiliza hadi mwisho.

"Sindano ilikuwa yake," alisema.

"Ilikuwa yake."

"Ingemuponyesha?"

"Docta hajue. Iko bantu balipata ile sindano na balikufwa. Damu yake ilikuwa imekwisha kuharibika sana."

"Lakini ilikuwa yake." Akakusanya majani yaliyotawanyika, akayaweka kwenye beseni, akayatoa tena. Kisha akamshika Élisa mkono kwa nguvu. "Mama, andika asema nilitaka dirisha. Juu ya hewa. Andika asema ni minyi moja. Mama yangu asijue. Akijua, atarudi mu ugonjwa, na hii mara hatatoka."

Élisa alipima. Kumwokoa Talitha kulihitaji kitu kimoja: kwamba watu wawili walihama. Sababu haikuhitajika na sheria. Katika kazi yake yote hakuwahi kubadilisha maneno ya shahidi, na alijivunia jambo hilo kuliko cheo chake. Akaanza karatasi mpya. Akaandika kwamba mke wa marehemu alitaka mumewe awe karibu na dirisha.

"Futa ile."

Mama Valérie alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, mkono kwenye kizingiti, blanketi mabegani. Ugonjwa ulikuwa umemwachia mifupa na macho.

"Mama, rudi mukalale," alisema Sephora, akiinuka.

"Nimelala ya kutosha. Siku ile vilevile sikulala. Homa ilinishuka kidogo, nikasikia anakohoa ku ile upande ingine, nikajua ni yeye. Nikafunga macho. Nikasema, Mungu, unichukue kabla hajue asema najua." Alipumzika apate pumzi. "Kisha nikasikia miguu yake inaenda. Inaenda mbali na minyi, polepole, muntu mugonjwa vile. Nikalia na furaha. Kwetu Mulongo iko bamama banazeeka na hawapate buko wa vile. Na munataka kuandika asema alifuata hewa?"

"Bantu batasema ulimula na bulozi, mama! Kalala atasema!"

"Aseme. Ule binti ya kasho maziwa inamujaa ku kifua, nasikia bantu banaelezea. Nitamuacha mule juu ya haya yangu?"

Sephora alijifunika uso kwa kitambaa chake cheusi, akalia kwa sauti. Élisa alipiga mstari juu ya maneno ya dirisha, mstari mmoja ulionyooka, akamsogezea mama yule kiti. Akachukua karatasi nyingine, kwa sababu shahidi mpya anahitaji karatasi yake, akaanza kuuliza kama sheria inavyotaka: jina, alikozaliwa, uhusiano wake na marehemu.

"Buko," alisema Mama Valérie.

"Na jina ya marehemu?"

Sephora akanyanyua kichwa ili ajibu yeye, maana jina la mkwe halitajwi, na mama yake hakuwa amelitamka hata mara moja tangu siku ya ndoa. Lakini mama alimzuia kwa kiganja.

"Lumbu," alisema. Kisha akalitaja tena, polepole zaidi, ili Élisa aliandike vizuri.